Bosi anataka dokezo langu lipotee

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 34, ni mwanasheria wa kampuni moja inayokamua alizeti hapa Dodoma. Nikisema kitengo cha sheria usidhani ni watu wengi. Ni mimi, kabati la mafaili, na kijana wa mafunzo kwa vitendo anayekuja mara tatu kwa wiki. Nina miaka sita hapo. Mwenye kampuni, ambaye ndiye mkurugenzi mtendaji, sote tunamwita Mzee. Baba yangu alipofariki nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu, Mzee ndiye aliyemalizia ada yangu, na baadaye akanilipia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Siku ninaapishwa kuwa wakili alikuja na mkewe, wakapiga picha na mama yangu. Naanza na hilo ili ujue kwamba ninayekuandikia habari zake si adui yangu.

Msimu huu alizeti ilikuwa nyingi. Malori yalipanga foleni kutoka Kongwa, Mpwapwa na Manyoni, kiwanda kikafanya kazi usiku na mchana. Wiki tatu zilizopita, saa kumi alfajiri, kibarua mmoja aliingiza mkono kuondoa mashudu yaliyokwama karibu na mkanda wa mashine. Mashine haikuzimwa. Mkanda haukuwa na kinga. Amepoteza mkono wa kulia. Ana miaka 26 na watoto wawili.

Shangazi, mimi nilijua. Mwezi Machi nilizunguka kiwandani na fundi mkuu, tukakuta mikanda mitatu iko wazi. Kinga zilitolewa wakati wa matengenezo, hazikurudishwa. Nikaandika dokezo la ukurasa mmoja kwa Mzee, nakala kwa meneja uzalishaji. Nikaeleza hatari, nikataja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, nikaomba mashine zile zisiwashwe hadi kinga zirudi. Mzee akaandika pembeni kwa kalamu yake: "Baada ya msimu." Nikalirudisha dokezo kwenye faili. Sikufuatilia tena.

Mwaka juzi niliandika pia mpango wa kukabili dharura, kurasa 11. Nani apigiwe simu kwanza, nani afunge eneo, nani aongee na waandishi wa habari. Wakuu wa idara wote walisaini kwamba wameupokea. Usiku ule hakuna aliyeufungua. Mlinzi alimpigia Mzee, msimamizi wa zamu akaamuru mashine ioshwe, na saa moja asubuhi ilikuwa inakamua tena. Mimi nilipata habari kwenye picha iliyorushwa katika grupu la WhatsApp la wafanyakazi.

Ijumaa Mzee aliniita. Hakufoka, alikuwa mpole kuliko kawaida. Alisema wasimamizi wafute picha na ujumbe wote wa usiku ule. Kisha niandae makubaliano, kijana apewe shilingi milioni 3, asaini kwamba hana dai jingine, na karatasi nimpelekee mimi kwa sababu mkewe ananifahamu. "Huyo ni kibarua, hana mkataba," akaniambia. "Tukipeleka taarifa serikalini tumejitia kitanzi wenyewe." Nilipofika mlangoni akaniita tena: "Na lile dokezo lako la Machi, lina nakala ngapi?" Nikasema nitaangalia.

Mke wa kijana tunasali naye kanisa moja, na mama yake anauza mboga karibu na kwetu Nkuhungu. Jumapili alinisubiri nje. "Dada, wewe ndiye mwenye sheria pale. Tufanyeje?" Nikampa pole na shilingi elfu 20, nikaondoka najiona mwizi.

Kikao ni Jumatatu ijayo. Nikikataa, nimemgeuka aliyenisomesha, na mshahara huu ndio unaomlisha mama na kumsomesha mdogo wangu. Nikikubali, sijui nitajiitaje. Wenzangu wawili niliowagusia wameniambia kazi ya mwanasheria wa kampuni ni kumlinda bosi, basi. Ni kweli, Shangazi? Na mimi niliyenyamaza tangu Machi, nina haki gani ya kumnyooshea mtu kidole?

Asiyelala, Dodoma

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kabla ya kukujibu nikamsomea wakili mmoja aliyewahi kukaa miaka mingi kwenye kiti kama chako. Nilitoa kila kitu kinachoweza kukutambulisha. Mimi si wakili, na penye sheria nimemsikiliza yeye. Penye wewe na Mzee, hapo nitasema mwenyewe.

Nikikuelewa vizuri, umebanwa na deni la fadhila, na kazi uliyoiapia, na mwanamke aliyekusimamisha nje ya kanisa. Kila mmoja anadai umjibu wa kwanza. Chini ya hayo yote kuna dokezo la Machi, ambalo nadhani linakuuma kuliko hata ombi la Mzee. Nitalifikia.

Wenzako wanasema kazi yako ni kumlinda bosi. Wakili wangu alipofika hapo aliniomba nirudie. Akasema mteja wa mwanasheria wa kampuni ni kampuni yenyewe. Mzee ni mkurugenzi na mwenye hisa, lakini kisheria kampuni ni mtu mwingine, ndiyo maana inaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Siku za kawaida tofauti hiyo haionekani, kwa sababu anachotaka Mzee na kinachoifaa kampuni ni kitu kimoja. Siku ya ajali ndipo vinapoachana njia. Kufuta picha kunaweza kumtuliza Mzee wiki hii, huku kukiiachia kampuni kesi mbaya kuliko ile ya mkono.

Akanipa mfano wa Marekani. Mwaka 1981, katika kesi ya kampuni ya dawa ya Upjohn, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali kwamba mazungumzo ya wafanyakazi na wanasheria wa kampuni yanaweza kulindwa kama siri, ila siri hiyo ni mali ya kampuni. Tangu hapo wanasheria wa huko, kabla ya kumhoji mfanyakazi, humwambia kwanza: mimi ni wakili wa kampuni, si wako. Sheria yao haitufungi sisi, lakini swali lake linakuhusu. Je, fundi mkuu anajua unapomuuliza habari za usiku ule unauliza kwa niaba ya nani? Mzee anajua? Anapokuita na kukuuliza habari za nakala, anaongea na wakili wa kampuni au na binti aliyemsomesha?

Sasa hilo la kibarua. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haiishii kwenye karatasi ya mkataba. Ina vigezo kadhaa, na kimoja kikitimia mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kijana wa zamu za usiku msimu mzima anafikisha saa hizo ndani ya wiki moja. Hukuniambia alianza lini. Litafute jibu hilo kabla ya Jumatatu, na ulitafute kwenye daftari la zamu, maana watu siku hizi watakumbuka wanachotakiwa kukumbuka.

Na kitanzi? Mzee anaamini kutoa taarifa ni kukiri kosa. Naelewa hofu yake, ni hofu ya mtu aliyejenga kitu kwa mikono yake. Lakini fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, haikujengwa juu ya kumtafuta mkosaji kwanza. Msingi wake ni kwamba mtu ameumia akiwa kazini. Kuna matibabu, kuna malipo ya ulemavu wa kudumu, kuna huduma za utengamao, yaani za kumsaidia aliyeumia arudi kwenye shughuli zake, na mchango unatoka kwa mwajiri bila mfanyakazi kukatwa. Kama kampuni yenu imesajiliwa na inachangia, basi Mzee anataka kutoa milioni 3 mfukoni kuficha jambo ambalo tayari amelilipia. Kama haichangii, hilo ni tatizo jingine, na ni heri mlijue sasa kwa vinywa vyenu. Muda wa kutoa taarifa ni wa siku chache, ninyi mko wiki ya tatu. Kuchelewa kuna maelezo yake. Kuficha kuna maelezo mengine, na kadiri siku zinavyopita ya kwanza yanafanana na ya pili.

Kuhusu kufuta, nikusimulie habari ambayo wakili wangu alisema huwa anaisimulia kwa kila mwanasheria kijana anayeajiriwa kwenye kampuni. Mwaka 2001 kampuni ya nishati ya Enron ilikuwa inaanguka, na wakaguzi wake wa hesabu walikuwa Arthur Andersen, waliokuwa na wafanyakazi wapatao 85,000 duniani. Tarehe 12 Oktoba mwanasheria wa ndani wa Andersen, Nancy Temple, aliandika barua pepe fupi akisema huenda ikafaa kuwakumbusha wale wakaguzi sera ya ofisi ya kutunza na kuondoa nyaraka. Hakuandika "chomeni" wala "chaneni". Ilikuwa sentensi ya kiofisi, ya upole. Siku zilizofuata nyaraka za Enron zilichanwa kwa wingi, hadi ilipokuja hati ya kuitaka ofisi izitoe. Mwaka 2002 Andersen ikatiwa hatiani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani ikatengua hukumu hiyo kwa sababu baraza la wazee wa mahakama lilielekezwa vibaya. Kufikia hapo hapakuwa na cha kurudishia. Wateja walishaondoka, na wale watu 85,000 walishatawanyika.

Sikusimulii kukutisha. Nakusimulia kwa sababu ya upole wa ile sentensi. "Lina nakala ngapi?" nayo ni sentensi ya upole. Mzee hakukwambia ulichane. Huenda mwenyewe bado hajajua anataka nini, na wewe ukisema "nitaangalia" kila mmoja ameenda na maana yake. Kanuni ya Adhabu inalihesabu kuwa kosa kuharibu kwa makusudi kitu unachojua kinaweza kuhitajika kama ushahidi mahakamani. Sheria ya Ushahidi inalinda siri ya mteja kwa wakili wake, lakini hailindi mazungumzo ya kupanga jambo lililo kinyume cha sheria. Na wewe una jina kwenye orodha ya mawakili, ambalo ukilipoteza hakuna Mzee wa kukulipia ada lirudi. Halafu fikiria lilipo lile dokezo. Meneja uzalishaji analo, barua pepe iliyolipeleka ipo, fundi mkuu alikuwa nawe. Karatasi inaweza kupotea, ila watu watatu watabaki wanajua kwamba ilikuwepo.

Kuna jambo hukuliuliza. Wewe sasa ni shahidi. Uliona mikanda mwezi Machi, uliandika, ulijibiwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuongoza uchunguzi wa ajali hiyo hiyo, wala kuandaa makubaliano yake. Nadhani hapo pana mlango wa kutokea ambao haumvunjii mtu heshima: kumwomba Mzee atafute wakili wa nje. Huko ni kusema ukweli kuhusu nafasi yako, si kumkataa mtu. Wakili wa nje hakusomeshwa na Mzee, na yeye anaweza kumwambia maneno ambayo kwako yangesikika kama utovu wa shukrani. Hasara yake ni gharama, tena Mzee anaweza kumtafuta wa kumwambia anachopenda kusikia. Hilo likitokea utalijua mapema.

Unaweza pia kuandika dokezo la pili, fupi, lenye tarehe, kuelekeza kwamba picha, ujumbe, daftari la zamu na kumbukumbu za matengenezo visiguswe. Wanasheria wa makampuni makubwa hulifanya hilo ndani ya saa za kwanza za dharura yoyote. Liandike kama ukweli mtupu: nini kitunzwe, nani akitunze. Usitie maoni ya nani mkosaji. Hatari ni kwamba ukiliandika kabla ya kuonana na Mzee, ataliona ni kisu mgongoni. Ukingoja Jumatatu, huenda simu zikawa zimeshafutwa. Mimi ningemfuata nyumbani, mapema, mkewe akiwepo, bila vifungu vya sheria mkononi. Ningeanza na ile picha ya siku ya kiapo. Lakini wewe ndiye unayemjua. Kuna wazee wanaolainika kwao sebuleni, na kuna wanaokuwa wagumu zaidi mbele ya wake zao.

Kama atakataa yote, ipo bodi. Kwenye kampuni za kifamilia bodi mara nyingi ni mke, kaka na shemeji, kwa hiyo usiitegemee sana, ila kulifikisha kwao kwa maandishi kunabadilisha ni nani aliyejua. Kule General Motors, hitilafu ya swichi ya kuwashia gari ilifanya magari milioni 2.6 yarudishwe mwaka 2014, na uchunguzi ulionyesha kwamba wanasheria wa ndani walikuwa wakimaliza madai moja moja kwa miaka bila jambo lenyewe kumfikia mkuu wao. Kila mmoja alifanya kazi ya meza yake.

Ipo pia njia ya kuacha kazi, na njia ya kwenda kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Tuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi, lakini kwa wakili anayebeba siri za mteja jambo hili lina miiba, na sitaki ulifanye kwa kusoma gazeti. Tafuta ushauri wako mwenyewe, wa siri, kwa wakili mzoefu asiye na uhusiano na kampuni. Na tafadhali, usianze kujitumia mafaili ya ofisi kwenye barua pepe yako binafsi usiku wa hofu. Nimeona watu wenye haki wakigeuzwa wakosaji kwa hilo. Andika tu kwenye daftari lako ulichokiona na ulichoambiwa, na tarehe.

Mshahara sikuusahau. Mama anakula, mdogo wako anasoma, na mimi sitakaa hapa nikakwambia riziki ni ndogo. Piga hesabu ya kweli: una akiba ya miezi mingapi, nani wa ukoo anaweza kushika ada ya muhula mmoja. Mtu anayejua ana miezi mitatu huongea na bosi kwa sauti tofauti na asiyejua.

Haya, Machi. Uliona, ukaandika, ukamwomba mwenye uwezo azime mashine. Jibu lilipokuja ukalirudisha kwenye faili. Unaniuliza una haki gani. Sitakwambia huna lolote, kwa sababu hutaniamini. Lakini naona pia kitu ambacho huenda hukioni: dokezo lilikuwa na jibu la Mzee peke yake, na wewe ulijibiwa na mtu ambaye tangu ufiwe amekuwa mahali pa baba. Mtoto harudi mara ya pili kwa baba aliyesema "baadaye". Mwanasheria hurudi. Nadhani mambo hayo mawili yalipambana ndani yako Machi, na yanapambana tena wiki hii.

Na zile kurasa 11 zisikukatishe tamaa. Tatizo ni kwamba ziliandikiwa wakuu wa idara, na ajali ikaja saa kumi alfajiri kwa mlinzi na msimamizi wa zamu. Mlinzi anahitaji karatasi moja ukutani kwenye kibanda chake: zima mashine, okoa mtu, usioshe kitu, piga namba hizi tatu, na yako iwemo. Kisha mzoezwe hivyo usiku, vibarua wakiwepo. Lolote litakaloamuliwa Jumatatu, ile mikanda mingine miwili iko wazi leo, na zamu inaingia jioni hii. Hilo unaweza kumwomba Mzee kabla ya mengine yote, na sidhani hata yeye ana moyo wa kusema "baada ya msimu" mara ya pili.

Kuhusu mke wa kijana. Huwezi kumshauri, maana upo upande wa pili wa meza, na ukimshauri kwa huruma utamponza yeye na wewe. Lakini huhitaji kumkimbia. Jumapili akikusubiri tena, mwambie: "Mdogo wangu, mimi ni mwanasheria wa kampuni, kwa hiyo hapa siwezi kuwa wako. Tafuta wa kwako kabla mumeo hajasaini karatasi yoyote, hata ikiletwa na mimi." Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria wanaosaidia wasio na uwezo, na ofisi ya ustawi wa jamii inaweza kumwelekeza waliko. Kisha muulize watoto wanaendeleaje, na usimpe pesa siku hiyo.